Pai za Purdie Katika Mfuko wa Eck

Katika mji wa Strathkeld, Uskochi, mtu akihama kanisa, atasemwa wiki mbili kisha watu watachoka. Akimwacha mkewe, atasemwa mpaka Krismasi. Lakini akionekana na pai ya nyama ya mwokaji wa mji mwingine, basi huyo amejichimbia kaburi, na hata wajukuu wake wataulizwa habari hiyo. Ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi Wattie Imrie, fundi wa mabasi mstaafu, mtu mzima mwenye mvi na heshima zake, aliegesha gari nyuma ya makaburi ya Kilfern, mji wa jirani, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, ndipo akaingia kwenye foleni ya duka la Purdie.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwokaji ambaye yeye Wattie alikuwa akimsaliti hakuwa mtu baki. Alikuwa Eck Lamond, mume wa marehemu dada yake.

Zamani, huyo dada, Nan, alipokuwa hai, hakuna mtu wa Strathkeld aliyekuwa na haja ya kwenda popote. Eck alishughulika na unga. Ganda lake lilisimama wima bila kuegemea, kifuniko kikazama kidogo chini ya ukingo ili mchuzi upate pa kukaa, na katikati akatoboa kitundu cha kutolea mvuke. Nyama ilikuwa ya Nan. Alisaga kondoo, akatia chumvi, pilipili manga nyeupe, basibasi na kitu kingine alichokijua mwenyewe, yote kwa kiganja, bila kipimo, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbovu. Siku za mechi watu walizibeba pai hizo mpaka uwanjani na kuzila kwa mkono wakati wa mapumziko, mchuzi ukiwachuruzika mpaka kwenye viwiko. Timu ikifungwa, na ilifungwa sana, angalau tumbo lilirudi nyumbani limeridhika.

Nan akafa majira ya baridi ya mwaka juzi. Eck alifunga duka wiki moja, akalifungua, akaanza kufanya unga na nyama peke yake. Pai zikawa mbaya.

Tena si mbaya za kuchekesha. Mbaya za kusikitisha. Ganda lilikuwa lilelile, la kupigwa picha, lakini ndani nyama ilikaa rangi ya majivu, haina chumvi, haina pilipili, imeshindiliwa makombo ya mkate mkavu, na ikipoa mafuta yaliganda mdomoni kama nta. Eck mwenyewe hakujua. Yeye na Nan walikuwa na desturi ya kugawana pai ya kwanza kutoka tanurini, nusu kwa nusu, wakiila wima, na tangu amzike mkewe hakuweza tena kuitia pai mdomoni. Alijaribu mara moja, koo likakataa. Basi akawa anamuuliza Wattie.

Asubuhi ile ya kwanza alimwekea pai kwenye sahani, akasimama mbele yake na unga kwenye nyusi, macho mekundu.

"Shemeji, vipi?"

Wattie alitafuna. Akatafuta ladha kila pembe ya mdomo, hakuiona. Akamtazama yule mtu aliyesimama mbele yake. Wewe ungesema nini?

"Ziko vilevile, shemeji," akasema. "Vilevile kabisa."

Eck alishusha pumzi, akarudi ndani kufungua mlango wa tanuri. Wattie alijiambia kwamba ni neno la siku moja tu, la kumpoza mfiwa, kesho atamwambia taratibu. Kesho yake akasema vilevile tena. Ikawa kila asubuhi anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anakula ile pai mpaka kombo la mwisho, wateja wakimwona, na wateja wakimwona kaka yake Nan anatikisa kichwa kwa utamu, wao ni nani wasitikise? Mji mzima ukamvika Eck kilemba cha ukoka. Walinunua, wakasifu, wakaenda kuzitupa. Bi Teenie Gow, jirani yake Wattie, alimpa mbwa wake, na mbwa aliinusa ile pai, akaizunguka, akaenda kuizika chini ya mti wa waridi.

"Hata mbwa kaifanyia mazishi," Bi Gow alimwambia Wattie juu ya ukuta. "Kasoro mchungaji tu."

"Sema polepole, Bi Teenie."

"Nisemeje? Wewe ndiye unayemdanganya. Mimi nimefuata tu wakubwa."

Wattie alicheka ili lipite, lakini maneno hayo yalimkaa. Kweli, yeye ndiye aliyeanza.

Ndipo akagundua duka la Purdie, na akagundua pia kwamba mtu akishaanza udanganyifu hana budi kuutengenezea vifaa. Mfuko wa Purdie ulikuwa wa kijani, na kijani kile kingeonekana kutoka upande wa pili wa bonde. Kwa hiyo Wattie aliweka akiba ya mifuko ya Eck, myeupe yenye jina la buluu, akaipiga pasi isionekane kuukuu. Kila Jumamosi, nyuma ya makaburi ya Kilfern, alizihamisha pai za Purdie zikiwa bado za moto kutoka mfuko wa kijani kwenda mfuko mweupe, akaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akarudi Strathkeld na mfuko wa shemejiye mkononi, akimwamkia kila anayekutana naye. Watu walimwona wakasema, tazama Wattie, mtu mwaminifu. Na yeye alipofika jikoni kwake alikula zile pai peke yake, zilikuwa tamu mno, na kila alipomeza alijichukia.

Jumamosi moja ya vuli, mfuko ukiwa mezani, birika likichemka na redio ikitaja majina ya wachezaji, mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi. Eck aliingia, mvua ikimdondoka kofiani.

"Nimefunga mapema," alisema. "Sikutaka kusikiliza mechi peke yangu." Kisha akauona mfuko. Uso wake ukakunjuka. "Aa! Umeninunulia pai hata leo? Umezipata saa ngapi mbona sikukuona?"

"Nilipita ... ulikuwa nyuma," alisema Wattie.

"Wewe shemeji wewe." Eck alivua koti, akavuta kiti. Akautazama ule mfuko kwa muda. "Unajua sijaonja hata moja tangu Nan aondoke?"

"Najua. Usijilazimishe, Eck. Acha nikukatie mkate na jibini."

"Leo naona naweza. Nikiwa na mtu naweza."

Wattie alinyoosha mkono, lakini mikono ya mwokaji ina kasi. Eck alikwisha kutoa pai, akaimega nusu kwa nusu kama alivyozoea, nusu akaisukuma mbele ya Wattie, nusu akaing'ata.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Mchuzi ulimteremka kidevuni, hakuufuta.

"Pilipili," alisema, na sauti ikamkatika. "Wattie, sikia hiyo pilipili inavyokuja nyuma. Hiyo ni ya Nan. Nimeipata! Mimi nilidhani wananionea huruma. Usiku nalala nawaza, labda watu hawa wananidanganya. Kumbe mkono wake nimeushika!" Akalia pale mezani, mtu mzima, pai mkononi, redio ikipiga kelele za bao ambalo hakuna aliyelisikia.

Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Wattie alijua wakati ule ule, wala asijitetee baadaye kwamba hakujua. Neno lilipanda mpaka kwenye meno. Akalimeza pamoja na nusu yake ya pai.

"Si nilikwambia, shemeji," akasema.

Kabla birika halijapoa, Eck alikwisha kuamua. Kulikuwa na mashindano ya waokaji wa pai mjini Perth, kila mwanzo wa mwaka, na wakati wa Nan hawakuwahi kwenda kwa sababu Nan aliona majivuno ni dhambi. Sasa Eck angekwenda. Si kwa ajili yake, alisema. Kwa ajili yake Nan. Ukumbi mzima wa waokaji wa Uskochi uonje mkono wa mke wake.

Wattie alipata majuma mengi ya kumwambia. Mara ya kwanza alikwenda dukani amepiga moyo konde, akakuta Eck amelipaka dirisha rangi mpya. Mara ya pili alifika mpaka mlangoni, akamsikia Eck anaimba nyimbo za Nan, kwa sauti mbovu zaidi ya Nan, akageuka akaenda zake. Mara nyingine alianza kabisa.

"Eck, hizi pai za mashindano. Ungeongeza chumvi kidogo?"

"Chumvi?" Eck alicheka. "Tulizila pamoja mezani kwako, ukaniambia nini? Usinitie wasiwasi sasa, mzee. Nikianza kubadilibadili nitampoteza tena. Nafanya vilevile nilivyofanya wiki ile, hata chembe sizidishi."

"Basi onja hata moja, kabla hatujaenda."

"Nilishaonja," alisema Eck, akampiga begani. Jibu lilikuwa moja tu, na lilimhusu Wattie mwenyewe.

Eck hakujua kuendesha gari, kwa hiyo Wattie ndiye aliyempeleka Perth. Pai zilikaa kiti cha nyuma zimefunikwa kwa kitambaa cha meza cha Nan, kile cha sikukuu. Eck alivaa suti aliyoivaa mazishini. Njia nzima alizungumza, yeye ambaye tangu awe mgane huwezi kumtoa maneno kwa koleo, na kila kona Wattie alijiambia, baada ya daraja hili nitasema, baada ya kanisa lile nitasema. Madaraja yakaisha, makanisa yakaisha, akaegesha gari.

Ukumbini pai zilipangwa mezani kwa namba, bila majina, na waokaji walisimama nyuma ya kamba na makoti yao meupe, wote wakijifanya hawana wasiwasi. Waamuzi walipita polepole. Kwanza wanaitazama pai kwa juu, wanaigeuza kuona kama chini imelowa, wanagonga ukingo kwa kidole, wanakata katikati, wananusa, ndipo wanaonja. Aliyefika kwenye pai ya Eck alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani ya kuning'inia, ambaye inaonekana alikula pai tangu hajaota meno.

Aliigeuza. Akagonga ukingo, akaita wenzake waone. "Tazameni ganda hili," alisema kwa sauti ya mtu anayefundisha. "Hivi ndivyo inavyotakiwa." Eck alimbana Wattie mkono mpaka ukauma.

Mama akakata. Akanusa, akanusa tena. Akatia kipande mdomoni, akatafuna kidogo, kisha akachukua karatasi laini na kukitoa, kwa adabu, akageuza uso.

"Maskini," alimwambia mwenzake, na ukumbi ule ulikuwa na mwangwi. "Nyumba nzuri, ndani hamna mtu."

Waokaji wawili watatu walicheka, si kwa ubaya, walicheka kwa furaha kwamba si yao. Wattie hakuthubutu kugeuza kichwa. Shingo ilimwiva, masikio yakamwiva. Alitazama viatu vyake na kutamani sakafu ya Perth ifunguke immeze pamoja na kofia yake. Alihisi mkono wa Eck ukiachia wake, kidole kimoja kimoja.

"Mwamuzi mmoja tu," alinong'ona Wattie. "Labda ana mafua."

Hata wakati ule, Wattie bado alikuwa anadanganya, na alijisikia akidanganya.

Mshindi alitajwa, na alikuwa Purdie wa Kilfern. Wakapiga makofi, Eck naye akapiga, kwa sababu Eck ni mtu wa kupiga makofi. Kisha, kama desturi, chai ikamiminwa na pai za mshindi zikakatwa vipande ili waokaji wote waonje. Wattie aliliona jambo linavyokuja.

"Twende, shemeji," alisema. "Giza linaingia, barabara ina barafu."

"Ngoja. Si vizuri kuondoka bila kumpongeza mtu." Eck alijipanga na wengine, akachukua kipande chake, akampa Purdie mkono, akamwambia maneno mazuri. Kisha akala.

Akaacha kutafuna.

Wattie aliuona uso ule, maana alishawahi kuuona mezani kwake. Safari hii haukukunjuka. Eck alisimama katikati ya waokaji waliokuwa wakicheka na kunywa chai, ladha ileile ya pilipili ikimjia nyuma ya ulimi, na akaipanga habari yote moja baada ya nyingine: mfuko, mvua, mfuko mweupe juu ya meza. Akamtazama Wattie. Hakuwa na hasira, na Wattie angetoa chochote ili awe na hasira.

Ndani ya gari Eck alikikunja kitambaa cha Nan pembe kwa pembe, akakiweka magotini. Walikuwa wamekwisha kupita yale makanisa yote kabla hajafungua mdomo.

"Ulizitia wewe mwenyewe kwenye mfuko wangu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naona aibu, Eck. Watu wasinione."

"Ulikuwa unaona aibu." Eck alilirudia neno hilo taratibu. "Na mji mzima wanajua? Kwamba zangu hazifai?"

Wattie alishika usukani. "Wanajua."

"Bi Teenie?"

"Hata mbwa wake."

Jibu hilo lilimtoka bila kufikiri, na siku nyingine wangelicheka mpaka gari liyumbe. Eck alitazama nje dirishani.

"Nan hospitalini aliniambia, nyama itakushinda mwanzoni, usiogope, muulize Wattie. Wattie hajui kusema uongo, alisema, tangu mdogo akisema uongo masikio yanamwiva. Nami kila siku nilikuwa nayatazama masikio yako, shemeji. Nikadhani ni joto la tanuri."

Wattie alimfikisha nyumbani. Eck alishuka na kitambaa chake, akafunga mlango wa gari polepole, jinsi mtu anavyofunga mlango wa gari la mtu asiyemfahamu vizuri.

Duka lilikaa limefungwa mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Wattie hakwenda Kilfern tena. Ile mifuko myeupe aliichoma bustanini, na Bi Gow alimwangalia kutoka upande wake wa ukuta bila neno la mzaha, jambo ambalo lilimtisha kuliko mzaha. Mji wote ulitembea kichwa chini. Wakikutana mitaani walizungumza hali ya hewa.

Kisha asubuhi moja moshi ulitoka kwenye bomba la Eck, na harufu ikashuka barabarani. Watu walitoka majumbani taratibu, kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Wattie alikwenda miongoni mwa wa mwisho. Alipofika mbele aliona kwamba kigoda chake cha dirishani hakipo.

"Moja, tafadhali," alisema.

Eck alimpa pai kwenye mfuko, akamtajia bei. Katika maisha yake yote Wattie hakuwahi kutajiwa bei dukani mle. Alilipa. Akaing'ata palepale, amesimama mbele ya kaunta.

Ilikuwa nzuri. Haikuwa ya Nan wala ya Purdie. Chumvi ilikuwa mahali pake, basibasi ilisikika kwa mbali, na kulikuwa na tangawizi, jambo ambalo Nan angelipinga mpaka kesho, lakini ilikuwa nzuri, nzuri kweli, ya mtu aliyekaa majira mazima peke yake akionja na kutupa, akionja na kutupa, mpaka koo lake likakubali. Machozi yalimjaa Wattie. Akasahau foleni, akasahau kila kitu.

"Eck!" alisema. "Ni nzuri! Haki ya Mungu, shemeji, ni nzuri sana!"

Eck alikuwa anafuta kaunta. Aliendelea kufuta mpaka akafika mwisho.

"Ndivyo ulivyoniambia hata zile," alisema, bila ukali.

Halafu akanyoosha shingo kumpita, kuelekea mlangoni, ambako dereva mmoja wa lori la mbao, mtu wa kaskazini ambaye hakuna aliyemfahamu, alikuwa amesimama na shavu limejaa.

"Wewe bwana," Eck alimwita. "Mimi sikujui, nawe hunijui. Niambie. Vipi?"

Dereva aliinua kidole, ngoja nimeze. Eck akaegemeza mikono yote miwili kwenye kaunta akasubiri, na watu wa foleni wakamwomba Wattie asogee kidogo, amewazibia.